Shangazi, kaka anataka kuuza injini ili niende kujitolea Afrika Kusini

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 25, mzaliwa wa Kibirizi hapa Kigoma. Nina diploma ya ualimu wa shule za msingi na tangu nimalize chuo sijapata ajira. Najitolea kwenye shule moja hapa mjini, darasa la pili, kwa posho ya michango ya wazazi ambayo mwezi mwingine inakuja na mwezi mwingine haiji.

Kuogelea nimekulia nako. Tulipokuwa wadogo, kusi likivuma, tulikuwa tunaokota mbao za boti bovu, tunazilalia tumbo, wimbi linatuleta mpaka mchangani kwenye dagaa za watu. Kina mama walitukimbiza na fagio. Kwa hiyo nilipoona mtandaoni mradi mmoja wa Muizenberg, Cape Town, moyo ulinidunda. Wanafundisha watoto wa mitaa maskini kuteleza kwenye mawimbi kwa ubao. Mtoto akitoka majini anapewa chakula, halafu anasaidiwa masomo, na asiyekwenda shule haruhusiwi kuingia majini. Nikawaandikia, tukaongea kwa video, wakanikubali kujitolea wiki nane.

Tatizo ni pesa, na watu. Mchango wao ni euro 1,100, ambazo ni zaidi ya milioni 3 zetu. Humo kuna kitanda kwenye chumba cha watu wanne, chai ya asubuhi na kitu wanachokiita mchango wa mradi. Nauli ni juu yangu. Wanataka amana ya euro 300 kabla ya mwisho wa mwezi ujao, pamoja na kopi ya pasipoti, ambayo bado sina. Mazungumzo yenyewe yalikuwa kama robo saa hivi. Dada aliyenihoji aliniuliza kama napenda watoto na kama nina ugonjwa wowote, akanipongeza.

Kaka yangu ana boti ya mbao na injini ya HP 15. Anasema atauza injini nikienda, kwa sababu "huko ndiko watu wanapotokea". Injini hiyo ndiyo iliyotubeba mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi. Hakuvua, lakini alikuwa anapeleka abiria Mwamgongo na Kagunga. Mama amekubali kwa shingo upande. Baba mkubwa, ambaye ndiye amesimama mahali pa marehemu baba, amekataa katakata. Anasema hajawahi kusikia kazi ya bure inayolipiwa, na kwamba mtoto wa kike hawezi kwenda peke yake nchi ya watu kukaa nusu uchi baharini.

Na kuna fomu. Wanauliza uwezo wangu wa kuogelea: mdogo, wa kati au mkubwa. Nijaze mkubwa? Bahari yenyewe naijua kwenye simu tu.

Nifanyeje, Shangazi?

Binti wa Kibirizi

* * *

Marahaba, mwanangu.

Injini isiuzwe. Nimelitanguliza hilo maana wanunuzi wa injini mwaloni hawakawii, na kaka yako naona ni mtu wa kuahidi leo na kutekeleza leo. Umenieleza mwenyewe ilivyowavusha kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ule mwaka. Boti isiyo na injini ziwa likifungwa inabaki kuwa benchi la kukalia. Mshukuru sana, mwambie upendo wake umeonekana, na kisha mwambie hapana.

Sasa tuje kwenye swali la baba mkubwa, ambalo ni zuri kuliko mnavyolichukulia hapo nyumbani. Kazi ya bure inalipiwaje? Inalipiwa, na si lazima iwe utapeli. Miradi mingi midogo ya namna hii haina mfadhili wa kudumu. Kijana kutoka Ujerumani au Uingereza anayemaliza shule na kutaka miezi miwili ya kuona dunia analipa, na pesa yake ndiyo inayolipa pango, mkate wa watoto na mshahara wa makocha wa palepale. Yeye anachangia kwa mfuko, mikono yake ni nyongeza tu. Bei ile imepangwa kwa mfuko wa kijana huyo. Wewe umepewa fomu ileile bila mtu kukaa akajiuliza binti wa Kigoma euro 1,100 anazitoa wapi.

Lakini kujitolea si lazima kuwe hivyo. Wamarekani wa Peace Corps waliokuja Tanganyika kuanzia 1961 hawakulipa ili waje. Serikali yao iliwagharamia. Wanaojitolea kupitia Umoja wa Mataifa hadi leo wanapewa posho ya kujikimu. Kwa hiyo usione aibu kuwaambia watu wa Muizenberg kwamba hulipi, unatoa kazi. Mwalimu mwenye diploma, aliyekwishasimama mbele ya darasa la pili lenye watoto wengi na vitabu vichache, ni adimu kwenye mradi kama huo. Kufundisha mtoto wa miaka tisa kusoma si jambo la kila anayependa watoto.

Na hapo ndipo barua yako iliponitia wasiwasi, kuliko hata pesa.

Nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali walipokuuliza wewe ni nani. Sijapaona. Robo saa, unapenda watoto, huumwi, hongera, leta amana. Hawakutaka cheti cha tabia njema cha polisi. Hawakuomba barua ya mwalimu mkuu wako wala namba ya mtu yeyote anayekufahamu. Hao ni watoto waliokwishaona mengi: wengine wamezika ndugu zao waliouawa kwa risasi za magenge, wengine nyumbani hakukaliki. Mradi unaomkabidhi mtoto wa aina hiyo mtu uliyemwona kwenye simu kwa robo saa, kwa sababu tu amelipa, utamkabidhi mtu yeyote. Wewe ni binti mwema. Atakayelala kitanda cha pili humjui, na inaonekana wao pia hawamjui.

Mradi makini utakusumbua. Utataka alama zako za vidole zikapitiwe polisi, utakusainisha kanuni za kumlinda mtoto, zikiwamo za kutompiga picha na kumrusha mtandaoni na za kutobaki naye mahali peke yenu. Wakikusumbua hivyo, wapende. Nami ningewauliza pia: makocha wa kudumu ni akina nani, na wiki ya tisa nikishaondoka, nani anamshika mkono yule mtoto aliyekwishanizoea? UNICEF imeonya muda mrefu kuhusu wageni wanaoingia na kutoka kwenye vituo vya yatima. Mtoto anafungua moyo, mgeni anapanda ndege, anakuja mwingine, mtoto anafungua tena, hadi siku anapoacha kabisa kuufungua. Ufukweni si kituo cha yatima, lakini moyo wa mtoto ni uleule. Kama makocha ni vijana wa mtaa huohuo waliokulia ndani ya mradi, nawe unakwenda kuwa msaidizi nyuma yao, wiki nane zinatosha na hakuna ubaya. Kama wewe ndiye kocha, hazitoshi.

Uhalali wao unaweza kuuchungulia ukiwa hapohapo Kibirizi. Asasi za kiraia Afrika Kusini husajiliwa na idara ya maendeleo ya jamii na kupewa namba ya usajili. Waombe namba hiyo, kisha itafute kwenye orodha ya serikali yao mtandaoni. Pesa yoyote, hata iwe ndogo, iende kwenye akaunti ya benki yenye jina la asasi. Ukipewa namba ya simu ya mtu binafsi, hapo funga mazungumzo.

Tuingie majini sasa, maana fomu inakungoja.

Ziwa letu ni kubwa, urefu wake unapita kilomita 600 na kina kinapita mita 1,400, lakini halijai wala halipwi. Kandambili ulizoziacha mchangani asubuhi unazikuta jioni zimekaa pale pale, labda ziibwe. Kule bahari inajaa na kupwa kila siku, na pale pale ulipoogelea salama saa mbili asubuhi panaweza kuwa pagumu saa nane mchana. Wimbi la kusi la kwetu linazaliwa na upepo wa siku ile. Upepo ukilala nalo linalala. Wimbi la Muizenberg linaweza kuwa limetoka kwenye dhoruba za mbali sana kusini, likafika siku ambayo hakuna upepo hata wa kuzima kiberiti, na nyuma yake kuna maji mengi yanayosukuma.

Maji hayo yakishamwagika ufukweni lazima yarudi, na mara nyingi hurudi kwa mkondo mwembamba unaovuta kuelekea nje. Kwa macho ya mgeni hapo ndipo panapoonekana pametulia, hapana povu, na ndipo anapopachagua. Muogeleaji wa Kibirizi akinaswa humo atapiga mikono kurudi nchi kavu moja kwa moja, kwa sababu ziwani ndivyo anavyofanya, na atachoka akiwaona watu kwa macho. Mkondo haushindwi kwa nguvu. Unaelea, unainua mkono kuomba msaada, au unaogelea sambamba na ufuo mpaka utoke kwenye mvuto wake, ndipo unarudi. Hilo ulijue kabla hujakabidhiwa mtoto wa mtu.

Baridi nayo. Ziwa letu juu huwa nyuzi joto 24 kwenda mbele. Muizenberg wakati wa baridi hushuka hadi kama 14 au 15. Pumzi ya kwanza inakatika yenyewe, kifua kinabana, na mtu asiyejua kuwa hali hiyo inapita baada ya muda mfupi anaanza kuhangaika. Ubao wa wanafunzi ni wa sponji, mrefu kukuzidi, umefungwa kwa kamba kwenye kifundo cha mguu. Wengi wanaoumia huumizwa na ubao wenyewe, wao au wa jirani. Ukianguka, anguka kwa ubapa, usitangulize kichwa, na unapoibuka tanguliza mikono, kwa sababu ubao uko juu unakungoja. Papa wapo, tusidanganyane. Tangu 2004 pana walinzi wanaokaa mlimani na kuchungulia ghuba kwa darubini. Bendera nyeupe yenye papa mweusi ikipanda na king'ora kikalia, kila mtu anatoka. Sisi tuna mamba na hatuna king'ora.

Kwa hiyo kwenye fomu andika hivi: ziwani naogelea vizuri, baharini sijawahi, kuteleza kwa ubao sijawahi. Usiongeze. Mradi unaojua kazi yake utakupa nafasi ya nchi kavu kwanza na kukufundisha majini kama wanafunzi wengine. Na ukweli ni kwamba nchi kavu ndiko kazi ilipo: kuhesabu watoto wanaoingia na kuwahesabu tena wanapotoka, kugawa mkate, kusuuza nguo za mpira kwa maji baridi na kuzianika, kukaa na mtoto asiyetaka kufungua daftari. Hapo nako ujue kwamba wengi wao nyumbani wanaongea Kixhosa au Kiafrikana. Kixhosa ni ndugu wa Kiha, lakini undugu huo hautakusaidia kumtuliza mtoto anayelia. Utamhitaji mwenyeji pembeni yako.

Nguo za mpira nimezitaja makusudi, kwa ajili ya baba mkubwa. Kwa baridi ile, wanaoteleza kwenye mawimbi, wanaume kwa wanawake, huvaa nguo nzito ya mpira inayoziba mwili kuanzia shingoni hadi kifundoni. Inabana, sikatai, ila unaweza kuvaa fulana pana na kaptula ndefu juu yake. Mwonyeshe picha. Mwambie pia kwamba kule Nungwi, Zanzibar, wasichana wa Kiislamu wamefundishwa kuogelea na kuokoa wanaozama wakiwa wamevaa mavazi ya kujistiri toka kichwani. Na kama una ndugu Zanzibar au Dar, hebu anza huko. Ukae wiki mbili tu uonje chumvi, uone maji yanavyokwenda na kurudi. Hiyo haihitaji pasipoti wala euro, na utakapoandika fomu nyingine utakuwa na la kuandika.

Hilo la kwenda peke yako usimcheke mzee. Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alipofika Gombe Julai 1960 alikuwa na miaka 26, mkubwa kwako kwa mwaka mmoja, na serikali ya Waingereza ilikataa asikae msituni peke yake. Akaja na mama yake mzazi. Kama Mzungu aliambiwa aje na mama, baba mkubwa ana haki ya kuuliza. Tena ana hoja ambayo pengine hakuitaja: mwaka 2008 Afrika Kusini ilikuwa na mashambulizi dhidi ya wageni Waafrika, wakafa watu zaidi ya 60, na 2019 yakazuka tena. Cape Town ni mji mzuri wenye uhalifu mwingi. Hatari yako si sawa na ya yule kijana wa Ujerumani. Ulizia nyumba ya kulala iko mtaa gani, nani anawapeleka na kuwarudisha, na jioni mnakwendaje dukani. Majibu hayo yasomee mbele ya mzee, ukiwa umekaa chini, usimtumie kwa meseji.

Mambo mawili ya haraka. Mtanzania haombi viza kwenda Afrika Kusini kwa matembezi ya hadi siku 90 kwa mwaka, lakini matembezi ni matembezi. Kujitolea kwenye taasisi ni habari nyingine, kwa hiyo ubalozi wao Dar es Salaam uuandikie na upate jibu la maandishi kabla ya tiketi. Usikubali kuambiwa "ukifika uwanjani sema umekuja kutalii". La pili, siku hizi walimu nao wanaitwa kwenye usaili. Ukiitwa ukiwa Cape Town hakuna atakayekusubiri, kwa hiyo chagua miezi yako ukilijua hilo.

Andika barua yako leo. Igeuze kwa Kiingereza chako cha chuo, lakini isirefuke kupita hapa:

"Nashukuru kwa kunikubali. Mimi ni mwalimu mwenye diploma na uzoefu wa kufundisha watoto wadogo kusoma na kuhesabu. Siwezi kulipa mchango wenu, wala familia yangu haiwezi. Ninachotoa ni saa za kufundisha kila siku kwa kipindi chote. Naomba kujua kama mna nafasi isiyo na mchango kwa Waafrika, au kama ninaweza kuingia zamu ijayo mkiwa mmenitafutia mfadhili. Naomba pia namba yenu ya usajili, kanuni zenu za kuwalinda watoto, na majina na vyeo vya watu watakaokuwa na watoto nitakapoondoka. Niko tayari kuleta cheti cha tabia njema na barua ya mwalimu mkuu wangu. Amana sitaweka kabla ya majibu haya."

Wakijibu moja moja, kwa utulivu, hata kama jibu la pesa ni hapana, hao ni watu wa kuendelea kuwasiliana nao kwa mwaka kesho. Wakikuandikia kwamba nafasi zinaisha, lipa upesi, achana nao.

Wakati unasubiri, shughulikia pasipoti. Ya kawaida ni shilingi 150,000 na itakufaa hata safari hii ikivunjika. Sisi wa mpakani tunaulizwa maswali mengi kuhusu uraia kuliko mtu wa Dodoma, unajua. Kusanya mapema cheti chako cha kuzaliwa, namba ya NIDA na vyeti vya wazazi, na kama cha marehemu baba hakipo, nenda na baba mkubwa RITA. Yeye ndiye anayekumbuka walizaliwa wapi na mwaka gani, na njiani mtakuwa na nafasi nzuri ya kuongea.

Shangazi